Fulu Waliolishwa Pumba

Siku ya kwanza kazini, msimamizi wa kituo cha samaki Kisumu aliniuliza nimesoma mpaka wapi.

"Darasa la tatu."

"Kuogelea?"

"Najua."

"Basi ingia, vuta wavu."

Miaka ya themanini kazi ilipatikana hivyo, na niliishika mpaka nikastaafu. Sikubebwa na mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa vita na kichocho, ugonjwa wa kukojoa damu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga. Sasa kuna aina moja ya fulu, samaki mdogo wa ziwa letu, ana taya la pili ndani ya koo. Huvunja konokono kama wewe unavyotafuna njugu. Tukawazalisha kwa matangi, tukawalisha pumba wakanona, tukawamwaga kwa bwawa la kijiji kimoja ufuoni. Chifu akatangaza: mavuno yakiisha, watoto wataoga.

Asubuhi ya kufungua bwawa, watoto walikuwa wamevua mashati tayari. Afisa mtafiti, mama tuliyemwita Daktari, akaniagiza nimvulie fulu mmoja. Akampasua koo kwa wembe. Taya lilikuwa jembamba kama ukucha.

"Huyu amekula nini tangu udogoni?"

"Pumba, Daktari."

"Ndiyo maana. Angelelewa kwa konokono, taya lingekuwa nene. Samaki ni yule yule, chakula ndicho kimemkuza hivi." Akanionyesha matete: konokono wamejaa, fulu wanapita katikati yao. "Hao ni majirani tu. Hawagombani."

Nikasimama njiani, mikono nimetanua. "Hakuna mtu kuingia!"

"Bwana Ouma," chifu akanguruma, "unaniaibisha mbele ya watu?"

"Chifu, aibu haikojoi damu."

Mama Odhiambo akaja mpaka usoni pangu. Mwanawe alikuwa ametibiwa kichocho juzi tu. "Mlisema maji ni salama!"

"Tulisema. Si salama."

"Yawa! Sasa tuoge na mate yako?"

Watu wakacheka. Papo hapo Odhiambo akapenya chini ya mkono wangu. Nilimdaka bukta, vidole vyake vya miguu vikiwa tayari matopeni. Alilia, akaning'ata. Sikumwachilia.

Baadaye tulilea fulu wengine kwa konokono tupu. Hao walivunja magamba, lakini hawakuwamaliza konokono. Bwawa halikufunguliwa.

Siku hizi vijana wa kituo huniuliza samaki gani anakula konokono. Nawajibu: kwanza niambieni amelelewa kwa chakula gani. Jina lake halitawaambia ataishi vipi na jirani.

Mama Odhiambo alirudi kuchota maji kisima cha mbali, na hakunisalimia tena mpaka leo. Mwanawe hunisalimia. Na watoto wake.