Flashi ya Wifi

Sebuleni kwa mama mkwe wangu, kule Keko, ukuta wa picha ni mmoja tu, na kwa miaka yote niliyoolewa pale picha za maana ukutani zilikuwa zimepigwa na wifi yangu. Fremu anachonga baba mkwe mwenyewe, kwa mbao za mninga, maana karakana yake iko mbele ya nyumba. Yangu ilikuwapo moja. Ilitundikwa, ikakaa kidogo, kisha siku moja nikaikuta imehamishiwa kwenye korido ya kwenda chooni.

"Si mbaya," mama mkwe aliniambia nilipoiulizia. "Ila nimetoka kama nimepigwa picha umeme umekatika."

Alisema kweli, ndiyo maana iliniuma. Uso wake ulikuwa mweupe pe, na nyuma yake giza tupu. Maua, taa za wapambaji, mashangazi waliojipamba tangu asubuhi, wote walikuwa wamemezwa.

Mimi na wifi, dada wa mume wangu, tunafanya kazi moja. Tunapiga picha kwenye shughuli za wanawake, zile ambazo mpiga picha wa kiume haruhusiwi kutia mguu. Mimi naishi Chang'ombe, yeye ameolewa Mbezi Beach. Kamera zetu hazipishani sana. Ningekuwa na kamera mbovu ningepumua, ningesema tatizo ni chombo. Lakini yeye akipiga ukumbini unamwona bibi harusi na unauona ukumbi. Mimi nikipiga, unamwona bibi harusi yuko pangoni. Kwa hiyo nilimwonea wivu, na sitaupa jina jingine. Nilimwonea wivu wa picha, wa kicheko chake, hata wa jinsi anavyoita "mama" bila kufikiria, wakati mimi neno hilo hilo nalitamka kama nabisha hodi.

Binti wa mwisho wa nyumba ile alipochumbiwa, mama mkwe alitangaza kwamba kwenye kichen pati mimi na wifi sote twende na kamera.

"Itakayonipendeza ndiyo itakaa hapa," alisema, akaonyesha nafasi katikati ya ukuta, juu ya televisheni. Baba mkwe alikuwa ameshachonga fremu, inasubiri. Nafasi ile niliitaka mpaka nikawa naiwaza huku natwanga vitunguu saumu.

Nikaanza kumchunguza mwenzangu. Kwenye shughuli moja kule kwao Mbezi Beach, alipoiacha kamera mezani akaenda kunawa, nilichungulia kile kigurudumu cha juu cha kuchagulia modi. Mimi maisha yangu yote nilikuwa kwenye P, ambayo kamera inajiamulia karibu kila kitu. Ya kwake ilikuwa kwenye A. Tena flashi yake haikumwelekea mtu, ilikuwa imetazama dari. Kumbe ni hivyo tu, nikasema moyoni, na nyumbani nilirudi nimechangamka hadi mume wangu akauliza kuna nini.

Siku ya shughuli, katika ukumbi mmoja wa Chang'ombe ninaoujua kama jiko langu, wapambaji walikuwa wamelivika dari lote vitambaa vya zambarau. Sikuliwazia hilo. Niliweka A, nikaipandisha flashi juu, nikampiga mwali. Akatoka zambarau. Somo wake zambarau, keki zambarau. Na wanawake walipoinuka kucheza ndiyo kabisa, mikono yao ikatoka moshi mtupu. P ilinipa giza, A ikanipa ukungu. Upande wa pili wa ukumbi nilimwona wifi anapiga bila hata kutazama alichopata, na roho ikanichoma.

Akaniona. Akaja.

"Wifi, mbona umenuna? Hebu lete." Aliichukua kamera mkononi mwangu, akapitisha picha mbili tatu. "Mh! Mwali umemfanya bilinganya."

"Si ndivyo unavyopigaga wewe?" nikamjibu. "A, na flashi juu."

Alinitazama kidogo. Nadhani hapo alijua nilichungulia.

"Kule kwangu dari lilikuwa jeupe, na watu walikuwa wamekaa. Hapa mwanga unagonga kitambaa, unarudi na rangi yake. Halafu hiyo A inauangalia ukumbi. Ukumbi una giza, basi inaiacha shata wazi inasubiri mwanga uingie wa kutosha, na wenzio huku wanakata viuno. Watatulia saa ngapi?"

Akakizungusha kigurudumu mpaka M. Akanieleza, mdomo sikioni kwa sababu ya muziki, kwamba ndani ya picha moja kuna mwanga wa aina mbili, wa taa za ukumbi na wa flashi, na kila mmoja una bwana wake. Kule kwenye P kamera inaiamini flashi peke yake, ukumbi inauacha ufe. Kwenye M ukumbi naupanga mimi: shata isichelewe mno, ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, ipande, hadi zile taa za nyuma zionekane kwa mbali. Uso niiachie flashi, itaupima yenyewe, na mwako wake ni mfupi kiasi kwamba hata anayecheza anaganda. Kisha akakigeuza kichwa cha flashi kikatazama ukuta mweupe ulio nyuma yangu.

"Jaribu sasa."

Nikampiga mama mmoja aliyekuwa anapita na sinia la sambusa. Akatoka mzima, na rangi yake mwenyewe, na ukumbi wote nyuma yake unawaka. Nilisema ahsante iliyobanwa kwenye meno. Angenificha, ningemchukia kwa raha zangu. Wanasema hasidi hana sababu. Mimi sababu niliitafuta kweli siku ile na sikuipata.

Mshereheshaji akaita kuingia kwa mama. Katika familia hiyo mama wa mwali haingii peke yake. Binti zake wa kuzaa humtandia khanga mpya juu ya kichwa, kila mmoja na pembe yake, wakamwingiza kwa kucheza. Mkamwana kama mimi hashiki khanga. Wifi alinivika kamera yake shingoni, akakimbilia mlangoni huku anajifunga kibwebwe, nami nikabaki nimesimama na mikanda miwili ya kamera. Kwa ile pembe ya khanga nilimwonea wivu kuliko kwa picha zake zote.

Ndipo nikatanabahi. Simu zilikuwa zimekatazwa mlangoni. Mpiga picha aliyebaki ukumbini nilikuwa mimi peke yangu.

Wakaingia. Sikugusa kitu, niliiacha M kama alivyoiacha. Mama mkwe alikuwa ameinua mkono mmoja, khanga imejaa upepo, na wifi pembeni yake anacheka kichwa kikiwa nyuma. Nikabonyeza. Nilijua nimepata kabla sijaangalia.

Picha hiyo sasa iko juu ya televisheni. Jumapili niliyoenda kuitazama nilisimama mbele yake muda mrefu, na furaha yangu ikaanza kuchacha. Anayependeza zaidi mle ndani ni wifi. Kila mgeni akiingia husema, "Binti yako kang'aa!" Nafasi niliyoililia nimempa yeye, kwa mkono wangu. Naye akaisambaza kwa watu wote anaowajua, akaandika kwamba kapiga wifi yake, fundi. Hata hapo hakuniachia pa kumshika.

Mama mkwe alikuja akasimama kando yangu.

"Kwani wewe uko wapi humu?"

"Mie nilikuwa napiga, mama."

Akautazama ukuta wote, toka dirishani hadi mlangoni, fremu moja moja. "Haumo popote," alisema, kama aliyegundua amesahau kufunga geti. Akaweka kiganja kwenye nafasi iliyo wazi pembeni ya ile picha. "Baba yenu nitamwambia achonge nyingine. Jumapili ijayo njoo umevaa vizuri, mwanangu, nikuweke hapa."

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

"Nani atanipiga, mama?"

"Wifi yako, nani tena?"

Nikasema ndiyo, mama. Nilijua nitatoka vizuri kuliko nilivyomtoa yeye, na njia nzima kurudi Chang'ombe nilikuwa nachagua gauni.