Kadi ya Masika

Bila kadi ya kura, ndiyo kitambulisho cha hapa, hupandi meli ya Bukavu. Hilo hata mutoto wa mtaa wa Birere analijua. Kadi ya Kahindo iliungua pamoja na nyumba yao siku moto wa volkano uliposhuka. Basi akafanya jambo la aibu: akafungua kimyakimya sanduku lililookolewa na mama yake, akachukua kadi ya dada yake Masika, aliyefariki miaka miwili nyuma. Sura zao zilifanana mno. Tangu maziko, mama hakuwahi tena kulitamka jina lile.

Bandarini, karani akaisoma kadi kwa sauti: "Masika?"

"Ni mimi, papa."

"Kahindo!" sauti ikaita nyuma yake. Alikuwa mama, akihema, mkononi kifurushi cha mihogo ambacho binti alikisahau.

Karani akainua macho. "Mama, unamuita nani?"

Mama akaitazama ile kadi, akaitambua. Kahindo alitamani ardhi ipasuke immeze palepale.

"Uzee, papa, ulimi umeteleza," mama akasema, akimnyooshea binti kifurushi. "Masika, mwanangu, shika chakula chako."

Na Kahindo, macho chini, akaitika.