Mshenga Aliyebisha Hodi Tena

Anaeli, fundi viatu wa Same mjini, alikuwa mshenga wa ukoo wetu kwa sababu ambazo hakuna aliyezikumbuka vizuri. Kijana alipotaka kuoa, ni yeye aliyetangulia kwa wakwe kueleza nia yetu, naye alieleza kwa ukamilifu. Alianza na mababu walivyoipanda milima ya Upare, akaendelea na mifereji waliyoichimba, na kabla hajalifikia jina la bwana harusi, wenyeji walikuwa wamekwisha kwenda kukamua ng'ombe.

Kwa hiyo Kaleb, mtoto wa mdogo wake, alipompenda Raheli wa kijiji cha Mamba, kule milimani, alianza kukosa usingizi. Baba yake Raheli, mzee Asheri, ni mkulima wa tangawizi na mzee wa kanisa, na alikwisha kuwarudisha washenga waliomchosha. Kaleb akamwomba dada yake Jenifer, anayesomea kompyuta Arusha, amfundishe baba yao mkubwa kusema kwa ufupi.

Jenifer alimtengenezea mchezo wa simu. Haukuwa na picha wala sauti, ila maandishi tu: "Umefika mlangoni kwa wakwe. Mbwa anabweka. Unafanya nini?" Chini yake palikuwa na majibu machache ya kuchagua. Ukichagua vizuri, unakaribishwa ndani. Ukichagua vibaya, unaonyeshwa njia ya kurudi kwenu. Mchezo mzima ulikwisha kabla chai haijachemka, na kila mwisho, mwema kwa mbaya, ulifuatwa na maneno yaleyale: Anza upya.

Hapo Anaeli alinasa. Mtu ambaye hakuwahi kumaliza hotuba aligundua utamu wa jambo linalokwisha. Alifukuzwa na wakwe huku sindano ya viatu iko mkononi, akacheka, akaanza upya. Alijaribu kumsifu mbwa. Alijaribu kuomba maji kabla ya kusalimu. Siku moja alimposa mama mkwe, kwa makusudi kabisa, ili aone itakuwaje. Wateja walimsubiri mguu mmoja peku, na aliyeulizia kiatu chake alijibiwa kwamba fundi yuko kwa wakwe. Jenifer alipompigia simu kumwambia kwamba sasa amekwisha kuiona miisho yote, alijibu kwamba ndiyo, ila mingine aliipita haraka.

Sikumlaumu. Mtu akikosea maishani hukaa na kosa lake muda mrefu. Huyu alikosea, na chai ilikuwa bado ya moto.

Siku ya posa tulipanda Mamba watu wachache, tumevaa makoti. Kaleb alibaki Same na simu yake mkononi. Anaeli alisalimu, akasema kwa sentensi moja kwamba tumeona ua katika nyumba hii na tumekuja kuliomba. Sote tulishusha pumzi. Asheri akauliza kijana anafanya kazi gani.

"Bado anatafuta," Anaeli akajibu.

Kaleb ni fundi umeme mwenye ajira. Aliyekuwa bado anatafuta ni kijana wa kwenye mchezo. Asheri akasema, kwa ukali ulioonekana kumshtua hata yeye mwenyewe, kwamba hakumlea binti yake ili aende kusaidiana na mtu kutafuta.

Anaeli alisimama, akachukua kofia yake, akatoka, akafunga mlango. Tuliobaki tulitazama sakafu. Nilimfikiria Kaleb na simu yake. Kisha tukasikia sauti nje.

"Hodi wenyewe."

Asheri alilelewa vema. Hodi haiwezi kumpita bila jibu. Alijikuta amesema, "Karibu." Anaeli akaingia kana kwamba hajawahi kuiona nyumba ile, akatusalimu sote kwa mkono, hata sisi tuliokwenda naye, akaeleza habari za ua. Asheri alijiweka sawa kitini. Kisha akauliza tena, safari hii kwa upole, kijana anafanya kazi gani.

"Ni fundi umeme, mzee. Ana ajira Same."

Ingetosha. Lakini likaja swali la pombe, Anaeli akajibu "kidogo", akaziona nyuso zetu, akaichukua kofia. Aliporudi, Asheri alimzuia mlangoni.

"Ngoja kwanza. Hata mimi lile swali sikuliuliza vizuri. Toka, tuanze."

Wakaendelea hivyo, wazee wawili wenye mvi, mmoja akitoka na mwingine akikohoa kujiandaa, hadi Hedwiga, mama yake Raheli, alipotokea jikoni na sinia la makande. Katika nyumba ile chakula cha posa hutanguliwa na jibu. Kukiona mezani ni kukubaliwa.

"Mzee Anaeli, makande haya nimekwisha kuyapasha mara mbili," alisema. "Ukitoka tena, nafunga kwa komeo. Ukikaa, unakula. Nawe baba Raheli, kaa."

Anaeli alilitazama sinia pande zote, kama anayetafuta pa kubonyeza. Halafu akanawa. Nilitoka uani kumpigia simu Kaleb.

Wakati wa kuagana Asheri, aliyekwisha kusimuliwa mezani habari za mchezo wa Jenifer, alimvuta Anaeli pembeni, akauliza kama Jenifer anaweza kutengeneza mchezo mwingine, wa baba mkwe. Ila uwe mrefu kidogo, akasema, maana ana mengi ya kueleza.

"Hapana, mkwe," alisema Anaeli. "Mwambie aufanye mfupi."