Uvimbe Aliousubiri Fundi

Fundi cherehani aliapa hafi kabla hajamtia adabu wifi yake. Na alikuwa na haki, mimi nasema. Mumewe alipofariki, kaburi likiwa bado bichi, wifi alikuja na mkokoteni akabeba cherehani ambayo fundi aliinunua kwa jasho lake kabla hata ya kuolewa.

"Na wewe si umeshaukwaa ukimwi wake?" wifi alisema, mtaa mzima ukisikia. "Utashona nini, sanda?"

Wiki hiyo kule kliniki, muuguzi alimdunga fundi sindano tatu ndogo, juujuu kwenye ngozi ya mkono. "Tunaichokoza kinga yako," alimweleza. "Ikiwa macho, hapa patavimba. Rudi keshokutwa."

Alirudi mkono laini kabisa, akatabasamu. Muuguzi hakutabasamu. Kinga ilikuwa imelala fofofo, ndiyo maana ngozi haikustuka. Fundi hakulia. Alianza dawa, asubuhi na jioni bila kukosa, na kila kidonge alimeza akiiona sura ya wifi. Wengine humeza kwa maji, yeye alimezea kinyongo.

Mwaka ulipopita alidungwa tena. Siku ya pili mkono uliwasha, ukawa mwekundu, ukavimba. Muuguzi alichora ukingo wa uvimbe kwa kalamu, akaweka rula.

"Milimita kumi na mbili! Mama, kinga imeamka."

Fundi alitoka bila kushusha mkono wa blauzi, akaenda moja kwa moja kwa wifi. Alimkuta uani na akina mama wa kikundi chake, mwenyekiti wao akiwa katikati. Cherehani ilikuwa ukumbini imejaa vumbi. Wifi mwenyewe hata kutia uzi hajui. Wifi aliuona ule mkono, macho yakamng'aa.

"Jamani, maskini! Umeanza kutoka mavimbe?"

Fundi hakukubali wala hakukataa. Alikohoa kidogo tu. "Nilitamani kushona tena, wifi. Kabla ya..." Akainamisha kichwa, moyoni anachekelea.

Basi wifi, kwa kupenda sifa, akaona asiiache nafasi ya kuonekana ana huruma. "Mpeni cherehani yake! Ni yake mpaka siku atakayokufa. Nyote ni mashahidi."

"Mpaka nife?" fundi aliuliza.

"Mpaka ufe, wifi yangu. Sitaidai."

"Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia," mwenyekiti alisema, akipangusa machozi.

Vijana wawili waliibeba hadi barabarani. Hapo ndipo fundi alipogeuka, akaunyanyua mkono wote wauone.

"Uvimbe huu nimeusubiri mwaka mzima. Hospitali wanachoma makusudi, na mwenye nguvu ndiye anayevimba. Wa kufa hubaki laini."

Wifi aliruka kama aliyekalia siafu. "Irudisheni! Kanidanganya!"

"Nimekudanganya nini? Umesema mpaka nife," fundi alimjibu. "Haya, kaa hapo uningoje."