Ni Hapo Tu

Ukipanda Milima ya Uluguru na mwongoza wageni yeyote, halafu ukamuuliza kama bado mbali, atakujibu, "Ni hapo tu." Usimwamini hata kidogo. Hapo tu ya Uluguru inaweza kuwa kona moja, na inaweza kuwa masaa mawili ya kupanda umeng'ang'ania mizizi kwa mikono. Mwongozaji anajua vizuri ni mbali, ila anajua pia kwamba akisema ukweli utakaa chini, na mtu mzima akishakaa chini mlimani, kumwinua ni kazi.

Severin alikuwa fundi wa neno hilo kuliko wenzake wote. Miaka kumi na saba alikuwa akipokea wageni Bigwa, pale barabara ya gari inapoishia, akiwapandisha kwenye maporomoko ya maji na vileleni: wanafunzi wa chuo, Wazungu na fimbo zao mbili mbili, watu wa Dar waliokuja na raba nyeupe kupiga picha. Wote aliwafikisha. Alikuwa na namna yake ya kulisema. Hageuki nyuma, habadili mwendo, analiachia tu kama mtu aliyeulizwa saa ngapi. "Hapo tu, dada." Na dada anatembea. Kwa wenye vitambi alikuwa akiongeza, "Ukishapita ule mgomba." Migomba iko mlima mzima.

Nyumbani mkewe Scholastika, ambaye wote tulimwita Skola, alikuwa amelifanya la kumtania. Severin akiuliza chakula anaambiwa ni hapo tu, na hapo moto haujawashwa. Akiulizwa lini paa la jiko litazibwa anajibu hivyo hivyo, wanacheka, mvua inanyesha ndani. Hawakuwa na mengi wale, lakini kucheka walicheka sana, na mimi husema kuna nyumba zenye bati jipya ambazo hazijawahi kusikia kicheko cha aina ile.

Njia ile aliyoipatia Severin riziki ilikuwa kwanza njia ya Skola. Yeye ndiye aliyezaliwa juu kule, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Severin alioa akahamia ukweni, jambo ambalo kwa Waluguru si la aibu wala la kuulizwa. Tangu akiwa msichana, kila Jumanne na Ijumaa, Skola alishuka na tenga la karoti kichwani, na msimu wake ukifika stroberi, hadi sokoni Morogoro. Masaa matatu kushuka, manne kurudi. Kila jiwe linaloteleza, kila mahali pa kuvukia kijito wakati wa masika, yeye ndiye alimwonyesha mumewe. Wageni walipomsifu Severin kwamba anaijua njia, alikuwa anasema kafundishwa na mke, wakadhani ni mzaha.

Katikati ya njia hiyo kuna jiwe bapa, kimo cha kiti, wanaloliita Jiwe la Mizigo. Wanawake wakifika hapo hutua matenga, hukaa, hunyoosha shingo, huongea ya sokoni. Na lina sheria yake, ingawa hakuna aliyeiandika: asiye na mzigo hakai. Ukipita mikono mitupu unawaachia wenye kuelemewa. Hata mtoto wa kule anaijua hiyo.

Sasa ngoja nifike kwenye lenyewe, maana hata kulisimulia kunaniuma.

Masika ya mwaka juzi Skola aliamka na tumbo. Lilimshika upande mmoja, chini, akawa anatembea ameinama huku akisema ni la kawaida. Ilipofika saa mbili asubuhi midomo ilikuwa imepauka. Jirani alisema waite vijana wanne wamshushe kwa machela. Severin akakataa. Si kwamba hakumpenda, jamani, ni kwamba alimpenda mno; aliona machela ni kitu cha kubebea wanaoenda kufa, na mkewe alikuwa anatembea kwa miguu yake. "Atatembea na mimi," alisema. "Nimeshusha watu wabovu kuliko huyu."

Wakaenda. Mvua ilikuwa ya manyunyu, njia inateleza. Severin alitangulia, akimshika mkono kwenye miteremko. Walipofika Jiwe la Mizigo Skola akakaa. Hakuwa na tenga, hakuwa na hata mkoba, na alikaa. Akaweka mikono miwili tumboni, akauliza taratibu:

"Bado mbali?"

Mtu aliyepita njia ile mara elfu na zaidi aliuliza kama bado mbali. Na Severin, ambaye moyo ulikuwa unamwenda mbio, alifungua mdomo likatoka lile lililozoea kutoka.

"Ni hapo tu."

Ilikuwa bado saa nzima. Skola alimtazama, akatabasamu kidogo, akasimama kwa kushika goti.

"Haya twende," alisema. "Mgeni wako nimeshapumzika."

Severin akacheka. Alifurahi hata, akajiambia mtu anayeweza kutania si mgonjwa sana. Skola alianguka karibu na nyumba za kwanza za Bigwa, na hospitali walimpokea akiwa ameshakata roho. Daktari alieleza kwamba mimba changa ilitunga pasipo mahali pake, ikapasuka, damu ikavujia ndani. Akasema vile vile, kwa nia njema tu ya kueleza, kwamba mgonjwa wa namna ile hatembezwi.

Neno hilo Severin hakumwambia mtu. Wala la jiweni hakumwambia mtu.

Skola ilibidi arudi juu akazikwe kwenye ardhi ya ukoo wake, kwa njia ile ile, maana nyingine haipo. Wanaume walibeba jeneza kwa zamu, na walipofika Jiwe la Mizigo walilitua hapo juu ya jiwe wabadilishane mabega. Ndipo Kibwana alipoanza.

Kibwana alikuwa mtani wa ukoo wa Skola. Anayejua misiba ya kwetu anajua kazi ya mtani: ndiye anayeruhusiwa kucheka wakati wote wanalia, kumwigiza marehemu, kuwasema wafiwa, na hakuna wa kumkasirikia. Ukimkasirikia mtani umejivunjia heshima mwenyewe. Kibwana alikuwa stadi, na Skola alimpenda sana. Akaivua kofia ya kazi ya Severin kichwani mwa Severin mwenyewe, akaivaa, akashika fimbo, akasimama mbele ya jeneza akitazama mlima kwa kiburi cha mwongoza wageni.

"Mama mgeni," akaliambia jeneza, "usichoke. Ni hapo tu. Ukishapita ule mgomba."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama mzazi wa Skola, aliyekuwa hajanyamaza tangu jana yake, alicheka na machozi yanatoka. Msiba ulipata nafuu, na ndiyo kazi ya utani. Kibwana akamgeukia Severin, akamgonga begani kwa fimbo. "Si ndivyo unavyowaambia?"

"Ndivyo," Severin alisema, na yeye akacheka. Angefanyaje? Alicheka mbele ya ukoo mzima, kofia yake iko kwenye kichwa cha mtu mwingine, na ndani alikuwa anakatika vipande. Kibwana hakujua kitu. Hakuna aliyejua. Wakapokezana jeneza wakaendelea kupanda.

Baada ya arobaini alirudi kazini, maana kula lazima. Lakini neno lile halikumtoka tena. Mgeni akiuliza kama bado mbali, Severin anasimama, anamgeukia, anamtazama usoni, ndipo anajibu: "Kwa mwendo wako, masaa mawili na robo, na sehemu kubwa ni kupanda." Wageni walianza kurudia njiani. Ofisi iliyokuwa ikimpa wageni ikalalamika kwamba anawakatisha watu tamaa, wenzake wakasema msiba umemharibu. Yeye aliwasikiliza tu. Kesho yake anasema masaa yale yale.

Mwezi wa saba mwaka jana alipewa wageni wawili, mtu na mama yake. Kijana aliitwa Abdulmajid, anafanya kazi Dar. Mama yake, Bi Mwajuma, alikuwa mtu wa Mwembesongo, hapo Morogoro mjini, mwenye miaka sabini na kitu, na mlima hakuwahi kuukanyaga.

"Shikamoo mama," Severin alimpokea.

"Marahaba, baba. Ndiye wewe? Huyu mwanangu kaniambia tunapelekwa na gaidi, sikulala." Alicheka mwenyewe. "Milima hii naiangalia tangu nikiwa mdogo, nikianika nguo naiona, nikitwanga naiona. Nikasema nife sijaikanyaga?"

Walipanda polepole. Bi Mwajuma aliuliza majina ya miti, akamwona kinyonga mwenye pembe akakataa katakata kumkaribia. Walipofika Jiwe la Mizigo alikaa. Kanga kaikunja magotini, pumzi inamtoka kwa shida.

"Baba," alisema, "bado mbali?"

Severin alisimama, akamgeukia. "Mpaka kwenye maporomoko, kwa mwendo wako mama, masaa mawili na nusu. Kurudi Bigwa ni saa moja na nusu. Kiangazi hiki pikipiki inafika hapo chini kwenye nyumba ya mwisho, dakika kumi."

"Basi mimi safari yangu imeishia hapa," Bi Mwajuma alisema.

Abdulmajid hakupenda. "Kaka, ungemtia moyo kidogo. Wenzako huwa wanasema karibu tunafika."

"Mwache," mama yake alimkatiza. "Mimi sikuuliza ili nipande. Moyo unanienda vibaya, nenda kanitafutie pikipiki."

Kijana akashuka. Wakabaki wawili, Bi Mwajuma akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akamtazama Severin vizuri.

"Wewe nani alikufundisha kumjibu mtu hivyo?"

Mwaka na zaidi hakuna aliyekuwa amemuuliza. Labda ni kwa sababu alikuwa mgeni ambaye hatamwona tena, labda ni mahali alipokaa. Severin alimwambia. Alimwambia tumbo, machela aliyoikataa, jiwe, swali, jibu, mpaka alivyosema daktari. Alisimulia amesimama, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Nilimdanganya," alimaliza. "Akaniamini, akasimama."

Bi Mwajuma akaigeukia njia inayopanda. "Alikuwa wa huku huku, huyo mwenzio?"

"Alizaliwa juu kule."

"Njia aliijua."

"Kuliko mimi."

"Basi hukumdanganya, baba," Bi Mwajuma alisema, kwa upole kabisa. "Alijua ni mbali. Alikuona umeogopa, ndiyo maana akasimama."

Sijui kama alikusudia kumfariji. Nadhani alikusudia. Lakini Severin lilimwingia kwingine. Mwaka mzima alikuwa amebeba uongo wake, na uongo alishauzoea, alijua unavyolala na unavyoamka. Sasa alipewa hili: kwamba Skola, damu inamvujia ndani, alimtazama usoni, akaona hofu, akamhurumia. Akatengeneza utani ili acheke. Mgeni wako nimeshapumzika. Na yeye alicheka.

Pikipiki ilipofika pale chini, Abdulmajid akarudi kumshika mama yake mkono. Bi Mwajuma alipoondoka alimgusa Severin kichwani, kama mtu anayembariki mtoto. Severin alisema atafuata baadaye, watangulie tu.

Akakaa. Miaka kumi na minane ya kupita hapo, hakuwahi kukaa juu ya jiwe lile. Hakulia kwa sauti; machozi yalishuka tu yakilowesha shati, naye hakuyafuta.

Ilikuwa Ijumaa, na wanawake wa kule juu walikuwa wanarudi kutoka sokoni, matenga yao yana chumvi na sabuni na mafuta. Aliyetangulia alikuwa Paskalia, jirani aliyesema siku ile iitwe machela. Akamwona. Akatazama kulia na kushoto kwake, akatazama mikono yake, hakuona mzigo wowote. Akatua tenga chini haraka, akachuchumaa mbele yake.

"Shemeji," alisema, "unaumwa?"