Mama Mwenyekiti Kwenye Foleni ya Maji

Goreth alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa Malvern, Johannesburg, kwenye Jules Street, katikati ya duka la simu na saluni ya Wakongo, na watu walimletea suruali za kupunguza, zipu zilizokufa na, baridi ilipokaribia, sweta za shule zilizotoboka viwiko. Alizaliwa Rumonge, Burundi, akakulia kambini Tanzania, na hukohuko kambini akaolewa na Astère, kijana mrefu aliyekuwa akifundisha watoto chini ya turubai. Johannesburg haikuhitaji ualimu wa Astère. Ilimpa sare ya ulinzi na mlango wa duka la jumla katikati ya mji, asimame hapo kutwa akikagua mifuko ya wateja. Lakini sauti ya mwalimu haikumtoka. Akianza kuzungumza, watu hunyamaza.

Ndiyo maana wakazi wa jengo lao walimchagua.

Jengo lenyewe liko Bertrams, ghorofa tatu za matofali mekundu, karibu sana na uwanja wa Ellis Park, hata siku ya mechi kelele za mashabiki hutikisa vioo vya madirisha. Humo wamo Warundi, Wakongo, Watanzania wachache na familia kadhaa za Kizulu. Mwaka huo mwenye jengo aligombana na manispaa, maji yakakatwa. Wakazi wakawa wanateka kwenye bomba la ua wa kanisa, mtaa wa pili, kisha wanapandisha ndoo ghorofani kwa ngazi. Mwezi wa kumi wakaitana uani, wakaunda kamati ya kudai maji, hata kwa mawakili ikibidi, wakainua mikono, na Astère akawa mwenyekiti. Tangu siku hiyo Goreth, ambaye wote walimjua kama Mama Tania kwa jina la binti yake, akaitwa Mama Mwenyekiti. Alilipenda jina hilo. Hakumwambia mtu, lakini alilipenda.

Haukupita muda akaja Burhani. Huyu ndiye aliyelisimamia jengo kwa niaba ya mwenye jengo. Mtu wa manukato, mpole, asiyepandisha sauti hata anapokufukuza. Alikuja na fundi bomba. Chini ya chumba cha Astère kulikuwa na stoo ya duka la mwenye jengo, na ndani ya stoo hiyo tangi kubwa lenye pampu, lililokuwa likijazwa maji na lori. Fundi akatoboa sakafu nyuma ya kabati la jikoni, akapandisha bomba jembamba, akafunga koki.

"Kiongozi hawezi kupanga foleni na ndoo," Burhani alisema. "Na wewe, Mwenyekiti, utatusaidia kuwatuliza watu. Hii habari ya kwenda kwa mawakili haina faida kwa yeyote."

Astère hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Asante."

Burhani alipoondoka, Goreth alibaki ameishika koki kama mtu anayeogopa kwamba itafunguka yenyewe.

"Baba Tania, hii tutawaambia nini watu?"

"Kwa nini tuwaambie? Nikiikataa, wao watapata maji? Hawatapata. Watoto wangu watakuwa na kiu pamoja na wao, basi."

Alimjibu kwa ile sauti yake ya darasani, na Goreth akanyamaza kama wengine wanavyonyamaza.

Akajifunza kuishi na koki ile. Alitandika kitambaa ndani ya ndoo maji yasilie yanapoanguka. Aliifungua kidogo sana, redio ikiwa inaimba. Sare za shule za watoto alizianika ndani badala ya barazani, maana zilikuwa zinang'aa mno kwa jengo lisilo na maji. Mgeni akibisha hodi, kabla ya kumfungulia alisogeza kabati kwanza.

Na kila asubuhi, kabla ya kwenda kibandani, alichukua ndoo akaenda kupanga foleni kwenye ua wa kanisa.

Mwanzoni alikwenda ili watu wasishangae kutomwona. Baadaye hakuwa na hakika tena anakwenda kwa nini. Alijua tu kwamba siku asiyokwenda hakuweza kuwatazama wanawake wa jengo machoni, na siku aliyokwenda aliweza, kidogo. Mumewe alimcheka.

"Unajichosha bure. Mtu ana maji chumbani anakwenda kubeba maji barabarani!"

Foleni hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Mama Léocadie. Alikuwa mjane kutoka Uvira, anaishi peke yake ghorofa ya tatu, anasuka vikapu vya plastiki na kuviuza mjini, na nyonga yake ya kulia ilikuwa mbovu. Alikuja na ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, na hata hiyo alikuwa akiitua kila baada ya ngazi chache. Goreth akaanza kumbebea. Akawa anapanda na ndoo mbili hadi juu, anaitua ya Mama Léocadie mlangoni, kisha anashuka na yake, maji ambayo hakuyahitaji.

"Wewe mtoto, Mungu anakuona," mama yule alikuwa akimwambia. Na Goreth akisikia hivyo, aliharakisha kushuka.

Mwezi wa nne ukaingia. Asubuhi pumzi za watu zilianza kuonekana, majani ya miti ya barabarani yakageuka manjano na kuziba mitaro. Kamati ilikuwa imekubaliana kwamba kabla ya baridi mwenyekiti atatoa taarifa kwa wakazi wote, nini kimefanyika na nini bado. Jumapili mchana, watu walipokwisha kurudi makanisani, wakakusanyika uani na viti vyao vya plastiki. Astère alivaa koti.

Alizungumza vizuri. Alizungumza juu ya taa ya ngazini iliyorekebishwa, juu ya lango linalofungwa sasa saa zote, juu ya hatari ya majiko ya mafuta ya taa wakati wa baridi: watu wasilale yakiwaka, wafungue dirisha kidogo. Haya yote yalikuwa kweli. Kisha akafika kwenye maji.

"Mazungumzo na mwenye jengo yanaendelea. Tumwombeni Mungu atupe subira. Tukikimbilia mawakili sasa, tutaharibu."

Hénock, Mkongo aliyekuwa akiuza viatu karibu na stendi ya teksi, akasimama.

"Mwenyekiti, samahani. Subira hii tangu mwezi wa kumi. Wewe mwenyewe unaiona shida yetu kweli? Kwa maana sijawahi kukuona na ndoo, hata siku moja."

Watu wakanong'ona. Goreth akaona shingo ya mumewe ikikakamaa juu ya kola. Halafu akamwona akitabasamu, akinyoosha mkono kumwelekea yeye, katikati ya watu wote.

"Mimi natoka alfajiri kwenda kazini, Hénock. Lakini mke wangu yule pale. Nani hajamwona kwenye foleni? Nani kati yenu hajapanga nyuma yake? Shida yenu ndiyo shida ya nyumba yangu. Sivyo, Mama Tania?"

Nyuso zote zikamgeukia. Goreth alikuwa na neno moja tu la kusema, hapana, na lilikuwa fupi. Badala yake akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli kabisa!" Mama Léocadie akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake. "Huyu mwanamke ananibebea mpaka juu. Kila siku!"

Watu wakapiga makofi. Hénock akakuna kichwa, akasema, "Eish, basi Mama Mwenyekiti, nisamehe," akaketi. Wanawake wawili wakamshika Goreth mikono. Yeye alikuwa akitazama chini, na wao wakadhani ni unyenyekevu.

Chumbani Astère alivua koti akiimba. Goreth alimwambia, "Umenitumia."

"Umeniokoa," alijibu, kwa furaha ya kweli, na akataka kumkumbatia. Goreth akaenda kukaa ngazini hadi baridi ikamrudisha ndani.

Foleni sasa ikawa adhabu. Watu walimpisha mbele. "Pita, Mama Mwenyekiti, una watoto." Akikataa, walimsifu zaidi.

Wiki kadhaa baadaye maji yalikatika mtaa mzima. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka sehemu fulani, manispaa ikasema wanashughulikia. Koki ya kanisa ikakoroma hewa tu. Watu walizunguka na madumu hadi mitaa ya Jeppe na Troyeville wakarudi bila kitu, na kwenye spaza, vile viduka vya mtaani, chupa za maji zikaisha. Chumbani kwa Goreth koki iliendelea kutoa maji kama kawaida, kwa sababu tangi la stoo halikuwa na habari na mambo ya mtaa.

Jioni ya siku ya pili mlango ukagongwa. Goreth akasukuma kabati, akafungua. Alikuwa Mama Léocadie, ameshuka ghorofa mbili na nyonga yake ile, ameegemea ukuta, na mkononi ana sufuria iliyofunikwa sahani.

"Nilikuwa nimejiwekea ya kunywa," alisema akihema. "Nimeyagawa. Mimi niko peke yangu, wewe una watoto, na maji haya ni wewe uliyeyapandisha. Chukua, mwanangu."

Goreth alipokea sufuria. Ilikuwa nusu. Akaitazama, akaiweka mezani. Akamshika yule mama mkono, akamwingiza jikoni, akavuta kabati, akafungua koki yote. Maji yakaanguka kwenye karai kwa kishindo.

Mama Léocadie alilifuata bomba kwa macho hadi sakafuni.

"Tangu lini?"

"Tangu alipochaguliwa."

"Na foleni?"

"Nilikuwa na haya, mama."

Yule mama hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Funga. Maji yanamwagika." Kisha akachukua sufuria yake pale mezani, pamoja na sahani yake, akaanza kupanda ngazi, akitua kila baada ya hatua chache. Goreth alitaka kumfuata amsaidie, akaona hana tena haki hiyo.

Usiku huo alingoja kelele. Kesho yake asubuhi alingoja mtu aje apige mlango kwa teke. Hakuja mtu. Mama Léocadie hakumwambia yeyote, na Goreth alipoelewa kwamba yule mama anamsitiri, alihisi kama amevuliwa nguo. Hakwenda kibandani. Alipanda hadi ghorofa ya juu akashuka akigonga mlango baada ya mlango, na kila aliyefungua alimwambia maneno yaleyale: "Kwetu kuna maji. Yamekuwepo siku zote. Leteni ndoo."

Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Halafu hawakucheka.

Astère aliporudi kazini alikuta foleni imeanzia barabarani, imepanda ngazi, imeingia kwake. Watu walikuwa wamepita kando ya kitanda chake, sakafu imelowa matope, na mkewe amechuchumaa kwenye koki akijaza ndoo bila kuinua uso. Hénock alikuwa mlangoni.

"Jamani, mpisheni Mwenyekiti aingie kwake," alisema.

Hakuna aliyecheka. Astère alisimama na sare yake, kofia mkononi. Akageuka, akashuka. Watu walimwona amesimama kwenye robot ya kona, zile taa za kuongozea magari, zinabadilika kijani, nyekundu, kijani, na yeye havuki.

Alirudi watu walipokwisha. "Umeniua, Goreth," alimwambia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina lake.

"Mimi pia nimo humo ulimofia," alijibu. "Niliitikia mbele ya watu."

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta matope sakafuni.

Burhani alikata bomba kesho yake, bado akiwa mpole. Jumapili wakazi wakaketi tena uani. Safari hii Goreth ndiye aliyesimama kwanza. Alisema kwamba siku ile ya taarifa alikuwa ameulizwa mbele yao, akaitikia, na kwamba kuitikia kule kulikuwa uongo kuliko maneno yote ya mumewe, kwa sababu wao walimwamini yeye. Kisha akaketi. Hénock akauliza nani anataka kamati ipate mwenyekiti mpya. Mikono ikainuka. Astère, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mitaro, akainua wake pia.

Kamati mpya ilikwenda kwa mawakili wanaosaidia wapangaji bila malipo. Kesi ilichukua baridi nzima. Mwishowe mwenye jengo alilazimishwa kuweka bomba uani, moja kwa wakazi wote, na lipo hadi leo. Astère na Goreth hawakufukuzwa. Hakuna aliyewasusia pia. Watu waliwasalimia, wakapita. Mama Léocadie alirudi kuongea na Goreth kidogo kidogo, juu ya hali ya hewa, juu ya bei ya mchicha. Siku moja alimletea gauni la kupunguza. Lakini maji yake alijitekea mwenyewe.

Tania, ambaye husikia Kiswahili vizuri ila hujibu kwa Kiingereza, alimuuliza mama yake kwa nini watu hawamwiti tena Mama Mwenyekiti. Goreth alikuwa anapiga pasi. Angeweza kusema kwamba kipindi kimekwisha, kwamba baba yako amechoka. Aliweka pasi pembeni, akamwambia binti yake akae, akamsimulia yote, kwa Kiswahili, polepole, akianzia na yule fundi aliyekuja kutoboa sakafu. Tania alisikiliza hadi mwisho, na alipoona mama yake hathubutu kumtazama, yeye pia akainamisha macho.