Waziri wa Euphrasia

Sisi wa kanisa la Sterling, hapa Virginia, Marekani, tuna ugonjwa wa vyeo, na tulikuja nao kwenye ndege. Mtu aliyewahi kuwa diwani kule Uasin Gishu, hata kama siku hizi anafagia ofisi Herndon, hawezi kuingia kwenye sherehe yetu akaketi tu kama binadamu. Lazima muziki uzimwe, atambulishwe, apewe kiti cha mbele na asalimie watu. Nasema hivi kwa hasira, na hasira yenyewe inanihusu, maana siku ile nilisimama nikapiga makofi kama wengine.

Euphrasia Manirakiza ni Mrundi. Alizaliwa Bujumbura, akakaa miaka mingi kambini Tanzania, na ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Huku Virginia anatunza wazee majumbani: anawaogesha, anawapikia, anawapa dawa. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Ulrich, mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka wa maandamano ya kumpinga rais kule Burundi, Ulrich alikuwa mstari wa mbele, anapuliza filimbi na kuwatukana wakubwa kwa majina yao. Wakubwa wakatoa amri, gari likaja, na hajaonekana mpaka leo. Hakuna hata kaburi. Euphrasia amebaki na deni moja kwa ndugu yake, la kumsema jinsi alivyokuwa bila kumpunguza. Kwenye maombi husimama akasema, "Mdogo wangu hakuogopa mtu," na sauti yake haitetemeki.

Basi kampuni yake ikampeleka Herndon kwa Mzee Tavangar, Mwirani anayeishi na binti yake, Parvaneh. Mzee mwenyewe ndiye aliyemsimulia maisha yake, kidogo kidogo, kwa Kiingereza cha polepole, gilasi ya chai mkononi. Alikuwa mtoto wa mwalimu katika mji mdogo. Akasomea uhandisi. Mapinduzi yakamkuta kijana, akapewa wilaya, kisha mkoa, kisha akaingia bungeni upande wa wahafidhina. Mwishowe akawa waziri wa vyuo vikuu. Baadaye wenzake wa chama walimgeuka, akapoteza kiti, moyo ukaanza kumsumbua, na yule aliyekuwa akiilaani Marekani kila Ijumaa akajikuta kwenye kochi la Virginia, binti yake akimpita kichwa wazi akienda kazini. Niliposimuliwa hayo nilicheka sana. Euphrasia hakucheka. Yeye katika habari yote ile alisikia neno moja tu, waziri.

"Mama Ethan, ni ministre wa kweli," aliniambia. "Mimi namuita Mheshimiwa. Akisikia hivyo anatabasamu, anakunywa na dawa."

Kanisani tukaanza kumwita Mama Waziri. Utani, lakini aliupenda. Wengine wetu tunatunza wazee waliokuwa madereva wa malori. Yeye alikuwa anamkata kucha mtu aliyekuwa na walinzi. Akaanza kuvaa vizuri zaidi hata siku za kazi. Alipoulizwa kazi inaendaje, alijibu, "Mheshimiwa hajambo," kana kwamba tulikuwa tumemuuliza habari za serikali.

Jeptoo, binti wa kanisani kwetu, alipofaulu mtihani wa uuguzi tulimfanyia sherehe Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa. Parvaneh alikuwa amesafiri, na Euphrasia alikuwa zamu, kwa hiyo akamwomba Parvaneh ruhusa kwa simu na kuja na mzee kwenye kiti cha magurudumu, amemvalisha suti. Ndirangu, mshereheshaji wetu, alipoambiwa ni nani, karibu aangushe maikrofoni.

"Zima hiyo muziki!" alisema. "Watu wa Mungu, leo tuko na waziri. Si ati MCA wa kaunti, waziri mzima! Makofi ya kilo!"

Tukasimama wote. Tukapiga. Euphrasia alimsukuma mzee hadi mbele, akamnyoosha tai, na uso wake uling'aa. Mzee akapewa maikrofoni. Alishukuru, akasema ametumikia nchi yake, kisha akasema, "Nilivikuta vyuo vimeharibika. Nikarudisha nidhamu. Wanafunzi wakorofi wakaondoka."

Mtu akapaza sauti, "Amina!" Tukapiga makofi tena. Sisi ni wazazi, tunapenda nidhamu.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama kwenye meza ya karibu na jiko, sahani ya pilau mbele yake. Alikuwa Mahnaz, muuguzi aliyemfundisha kazi Jeptoo hospitalini. Sikujua kama naye ni Mwirani. Alisema kwa Kiingereza, bila kupiga kelele, "Waliondoka kwenda wapi?"

Mzee akamtazama.

"Mwenzangu wa chumba alitolewa bwenini, na viatu hajavaa," Mahnaz akaendelea. "Mimi nilifukuzwa, yeye hakurudi. Mama yake bado anauliza. Nakuuliza wewe, alienda wapi?"

"Ulikuwa wakati mgumu, bibi," mzee alijibu, na kumrudishia Ndirangu maikrofoni kwa adabu kabisa.

Na sisi tukafanya nini? Ndirangu alimpungia mtu wa muziki mkono, na muziki ukaanza. Hilo ndilo linalonichoma hadi sasa, kwamba tuliuweka wimbo juu ya swali lile.

Euphrasia alimwacha mzee hapo hapo akamkimbilia Mahnaz, aliyekuwa ameshatoka nje, hadi kwenye maegesho. Nilimfuata. "Dada, sikujua," alisema, akihema.

"Ulijua alikuwa waziri," Mahnaz akajibu, akaingia kwenye gari lake.

Euphrasia alibaki amesimama. Alikuwa na la kusema, kwamba naye ana mtu aliyechukuliwa, lakini aliniambia baadaye kwamba alishindwa. Angemtajaje Ulrich wakati viganja vyake bado vina moto wa makofi?

Jumatatu alirudi kazini. Jioni alinijia nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua koti, na akanisimulia yaliyotokea.

Alikuwa anamwogesha mzee. Mzee alikuwa na furaha, akisema watu wetu wanajua heshima, na kuuliza kama kuna sherehe nyingine. Euphrasia akamwambia, "Inua mkono, Mzee." Mzee akashangaa kwamba leo haitwi Mheshimiwa.

"Nilikuwa na mdogo wangu," Euphrasia akamwambia. "Ulrich. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Serikali ilimchukua."

Mzee akamgeukia, maji yanamtiririka mgongoni. Kisha akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza umri, "Alikuwa mkorofi?"

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

Euphrasia akajifunika uso kwa mikono miwili. "Nilisema hapana, Mama Ethan. Nilisema alikuwa mtoto mtulivu, alikuwa anasoma tu. Nilimtetea kwake kana kwamba, kama angekuwa mkorofi, wangekuwa na haki ya kumchukua." Akavuta pumzi. "Na Ulrich alikuwa mkorofi! Mkorofi kabisa!"